Kambi zilitekwa, nchi ikaponyoka: kuyaelewa mapigano ya vita vya uhuru wa Msumbiji

Tarehe 1 Julai 1970 jeshi la Ureno lilianzisha, katika uwanda wa juu wa Mueda kaskazini mwa Msumbiji, operesheni kubwa kuliko zote lilizowahi kuendesha katika koloni hilo. Makomandoo, askari wa miamvuli na askari wa majini walisogezwa kuelekea kambi tatu kuu za Frelimo, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Msumbiji, zilizofichwa vichakani, huku mizinga na ndege zikishambulia mbele yao. Kambi zote tatu zilitekwa. Miaka minne na miezi miwili baadaye, tarehe 7 Septemba 1974, wawakilishi wa dola hiyohiyo walikaa mezani mjini Lusaka wakatia saini makubaliano ya kuikabidhi Frelimo nchi nzima, kuanzia Ruvuma hadi mpaka wa Afrika Kusini.

Matukio hayo mawili hayaungani kirahisi, na ndiyo maana vita vya uhuru wa Msumbiji vimezaa simulizi mbili ambazo hazisikilizani. Simulizi ya washindi inapanga mashambulizi kuanzia la kwanza hadi la mwisho kama ngazi inayopanda bila kuteleza, kana kwamba kila risasi iliyopigwa ilikuwa hatua ya kuelekea ikulu. Simulizi ya maofisa wa Kireno walioandika kumbukumbu zao inasisitiza kwamba jeshi lao halikushindwa hata mara moja uwanjani, na kwamba nchi ilipotea kwa sababu ya wanasiasa wa Lisbon. Kila upande una ushahidi wake. Kasoro ya zote mbili ni kwamba zinaupima kila mpambano kwa kuuliza nani alibaki amesimama mahali hapo moshi ulipotulia, ilhali swali lenye faida zaidi katika vita vya namna hii ni lingine: baada ya mpambano ule, kila upande ulilazimika kufanya nini, wapi, na kwa gharama ya nani?

Ili swali hilo lieleweke, inafaa kuanza na umbo la nchi. Msumbiji ni nchi ndefu, yenye pwani inayokaribia kilomita 2,500, na mji mkuu wake uliokuwa ukiitwa Lourenço Marques, Maputo ya leo, uko kwenye ncha ya kusini kabisa. Bandari kuu, walowezi wengi na reli zenye faida vilikuwa kusini na katikati. Kaskazini ilikuwa mbali kwa kila kipimo. Kutoka Mueda ni karibu zaidi kufika Mtwara kuliko kufika Beira, na Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma walikuwa wakivuka mto huo kwa vizazi, wakienda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, ambako waliitwa Wamavia na ambako wengi wao walijifunza Kiswahili. Walichokiona ng'ambo kilikuwa ukoloni pia, lakini mshahara ulikuwa bora, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 kulikuwa na chama cha siasa kilichokuwa kikidai uhuru hadharani bila wanachama wake kupigwa risasi.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Wakulima wa kaskazini walikuwa wamelazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa kampuni zilizopewa haki ya pekee ya kuinunua, kwa bei iliyopangwa na serikali. Tarehe 16 Juni 1960 umati ulikusanyika mbele ya ofisi ya utawala mjini Mueda kumsikiliza gavana wa wilaya. Watu wakakamatwa, vurugu zikazuka, na askari wakafyatua risasi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa mpaka leo: Frelimo ilitaja takriban watu 600, na watafiti kadhaa wametaja idadi ndogo sana kuliko hiyo. Kwa hoja yetu, jambo lenye uzito ni kwamba baada ya siku ile ilikuwa vigumu kumshawishi kijana wa Kimakonde kwamba maombi na mazungumzo yangefika popote.

Frelimo yenyewe iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 kwa kuunganisha vyama vitatu vya wakimbizi, UDENAMO, MANU na UNAMI, chini ya urais wa Eduardo Mondlane, msomi aliyekuwa mhadhiri Marekani. Kundi la kwanza la wapiganaji lilipata mafunzo Algeria, nchi iliyokuwa imetoka tu kushinda vita vyake dhidi ya Ufaransa. Baadaye mafunzo yakahamia Kongwa na kisha Nachingwea, ambako ardhi iliyoachwa na mradi wa karanga wa Waingereza ilipata matumizi ambayo waanzilishi wake hawakuyaota. Vita vilipoanza wapiganaji waliofunzwa walikuwa mamia machache tu.

Usiku wa tarehe 25 Septemba 1964 kikosi kidogo kilichoongozwa na Alberto Chipande kilishambulia kituo cha utawala cha Chai, katika mkoa wa Cabo Delgado. Kwa vipimo vya kijeshi lilikuwa shambulio dogo, la wanaume wachache dhidi ya nyumba ya ofisa na mlinzi wake, na taarifa za Kireno zililipuuza. Lakini shabaha ilichaguliwa kwa akili. Kituo cha utawala ndicho mahali ambapo mwanakijiji alilipa kodi, alipoitwa kwenda kazi ya shokoa na alipochapwa. Kuonyesha kwamba mahali hapo panaweza kupigwa risasi, na aliyepapiga akarudi msituni salama, kulikuwa na maana ambayo hesabu ya majeruhi haiwezi kuieleza. Katika majuma hayo mashambulizi mengine madogo yalitokea Niassa, na Wareno wakajikuta na vita vya tatu barani Afrika, kwa sababu Angola ilikuwa imewaka tangu 1961 na Guinea-Bissau tangu 1963.

Mpango wa awali wa Frelimo ulikuwa kupigana katika mikoa minne kwa wakati mmoja: Cabo Delgado, Niassa, Tete na Zambezia. Mpango huo ulishindikana mapema, na mara nyingi sherehe za kumbukumbu huliruka jambo hili. Tete na Zambezia hazikuweza kufikiwa bila kupitia Malawi, na serikali ya Hastings Banda, ambayo biashara yake yote ilitegemea reli na bandari za Msumbiji, haikuwa tayari kuugeuza mpaka wake kuwa njia ya silaha. Mikoa hiyo miwili ikaachwa ndani ya miezi michache. Kwa miaka mitatu na zaidi vita vikabaki kaskazini tu, ambako Tanzania ilikuwa mlango wazi. Hapo ndipo ulipo uzito wa ujirani: mpiganaji mwenye ujasiri lakini asiye na mpaka rafiki nyuma yake alikuwa akihesabu risasi zake, na zikiisha vita vyake vimekwisha.

Kutoka 1965 hadi 1969 hakukuwa na mapigano makubwa ya kuwekwa kwenye ramani kwa mshale na nyota. Kulikuwa na barabara. Barabara kutoka Mocímboa da Praia kwenda Mueda, iliyobeba chakula, mafuta na risasi za ngome za uwandani, iliwatesa Wareno kuliko msitu wowote. Wapiganaji walitega mabomu ardhini usiku, askari waliokwenda kwa miguu mbele ya msafara waliyatafuta mchana kwa vyuma vyenye ncha, na safari ya kilomita chache ikachukua siku nzima. Bomu la kutegwa halimshindi adui. Linamchelewesha, linamlemaza mtu mmoja ambaye anahitaji wengine wa kumbeba, na linamfanya kila anayebaki aogope ardhi anayoikanyaga. Sehemu kubwa ya hasara za Wareno nchini Msumbiji ilitokana na silaha hiyo ya bei nafuu.

Upande wa pili wa barabara ulikuwa na wapagazi. Kila risasi iliyopigwa Cabo Delgado ilivushwa Ruvuma kwa mitumbwi na kubebwa kichwani au begani kwa siku nyingi, mara nyingi na wanawake, ambao kuanzia 1967 walikuwa pia na kikosi chao cha kijeshi ndani ya Frelimo. Waliporudi walibeba korosho, ufuta, karanga na vinyago vya kuuzwa Tanzania, na fedha iliyopatikana ikanunua nguo, chumvi na majembe. Sehemu zilizoitwa maeneo yaliyokombolewa zilikuwa, kwa maneno mengine, na uchumi wake. Anayesoma historia ya vita hivi kwa kutafuta majina ya makamanda tu atapitwa na jambo hili, na mimi naliona kuwa ndilo lililowashinda Wareno kulikata.

Walijaribu. Njia yao kuu ilikuwa kuwahamisha watu kwa nguvu na kuwaweka katika vijiji vilivyozungushiwa uzio na kulindwa, vilivyoitwa aldeamentos, ili mpiganaji akose wa kumlisha na kumbebea. Kufikia mwisho wa vita karibu watu milioni moja walikuwa wamehamishiwa humo. Vilevile waliujenga uadui wa kikabila pale ulipowafaa: kusini mwa mto Messalo waliwashawishi Wamakua kwamba vita ni vya Wamakonde, na huko Niassa waliwatafuta machifu wa Kiyao. Mbinu hii haikuwa bure. Kwa miaka mingi Messalo ulibaki kizuizi ambacho Frelimo ilikivuka kwa shida, na mwishoni mwa miaka ya 1960 mtu aliyetazama ramani angeweza kusema kwa haki kwamba uasi umezibwa katika pembe moja ya nchi.

Tena pembe hiyo ilikuwa inatikiswa kutoka ndani. Filipe Samuel Magaia, mkuu wa ulinzi wa Frelimo, aliuawa Oktoba 1966, na nafasi yake ikachukuliwa na Samora Machel. Ndani ya chama kulikuwa na mabishano makali kuhusu nani adui hasa, Mzungu au mfumo, na kuhusu nani anafaidika na biashara ya maeneo yaliyokombolewa. Mkutano mkuu wa pili, uliofanyika Julai 1968 huko Machedje, Niassa, ndani ya Msumbiji yenyewe, ulikuwa ushindi wa kisiasa kwa Mondlane, kwa kuwa ulionyesha kwamba chama kinaweza kukutana katika ardhi ambayo Ureno ilidai kuitawala. Tarehe 3 Februari 1969 Mondlane aliuawa kwa bomu lililotumwa kama kifurushi, alipokuwa akifungua barua zake Oyster Bay, Dar es Salaam. Miezi michache baadaye Lázaro Nkavandame, kiongozi mwenye nguvu kubwa miongoni mwa Wamakonde na mtetezi wa biashara iliyolalamikiwa, alijisalimisha kwa Wareno. Uongozi ukawa wa watu watatu, Uria Simango, Marcelino dos Santos na Samora Machel, kabla ya Machel kushika urais Mei 1970.

Hali hiyo ndiyo iliyomshawishi Jenerali Kaúlza de Arriaga kwamba wakati wa kumaliza kazi umefika. Alikabidhiwa amri kuu ya majeshi ya Ureno nchini Msumbiji mwaka 1970, akimrithi Jenerali Augusto dos Santos aliyeamini katika doria ndogo na mwendo wa taratibu. Kaúlza alikuwa mtu wa aina nyingine. Alikwenda Marekani akazungumza na Jenerali Westmoreland, aliyekuwa ameongoza majeshi ya Marekani nchini Vietnam, na alirudi akiwa na imani kwamba helikopta, mizinga na vikosi teule vikitumika kwa pamoja, tena kwa wingi, uasi unaweza kuvunjwa ndani ya msimu mmoja. Kumchagua mwalimu wa somo ambalo mwenyewe alikuwa hajalifaulu ni uamuzi ambao ungepaswa kuwashtua wakubwa wake.

Operesheni ile waliiita Nó Górdio, yaani Fundo la Gordio, kwa kumkumbuka Aleksanda wa Makedonia aliyelikata kwa upanga fundo lililokuwa limeshindikana kufunguliwa kwa vidole. Shabaha zilikuwa kambi ambazo Wareno walizijua kwa majina ya Gungunhana, Moçambique na Nampula, pamoja na njia za kuingilia kutoka Ruvuma. Mara nyingi hutajwa kwamba askari 35,000 walihusika. Hesabu za Kireno kwa waliopigana moja kwa moja uwandani zinaonyesha kiasi cha 8,000, idadi ambayo hata hivyo haikuwa na mfano katika vita vile. Ilikuwa kiangazi. Tingatinga zilifungua njia ndani ya vichaka vizito, wahandisi wakitegua mabomu mbele yake, na kelele za injini zilisikika kwa siku kadhaa kabla askari hawajafika. Jenerali mwenyewe alilitambua tatizo hilo, kwa sababu mpango ulitegemea duara la askari kuizunguka kila kambi ili walio ndani wasitoke. Katika vichaka vya Mueda duara la namna hiyo lina matundu mengi kuliko kamba.

Kwa hiyo wanajeshi walipoingia walikuta mahandaki, vibanda, maghala, zahanati na shule, lakini wengi wa wapiganaji walikuwa wamekwisha kutawanyika kwa makundi madogo, wengine wakielekea Ruvuma, wengine wakijificha umbali wa mwendo wa saa chache. Kipindi kikuu cha operesheni kilidumu kwa kiasi cha wiki tano. Taarifa za Kireno zilidai mamia ya wapiganaji kuuawa na zaidi ya watu elfu moja kukamatwa, pamoja na silaha na risasi nyingi. Hakuna sababu ya kukataa kwamba Frelimo iliumia: ilipoteza ghala, ilipoteza mazao, na kwa muda iliwapoteza watu waliolazimika kukimbia pamoja nayo au kuingia vijijini kwenye uzio. Lakini katika vita ambavyo mkulima wa asubuhi ni mpagazi wa jioni na mgambo wa usiku, hesabu ya waliokamatwa haituambii bunduki ngapi zimepungua msituni.

Tuliulize sasa swali letu la mwanzo. Baada ya Fundo la Gordio Wareno walilazimika kukaa. Eneo lililotwaliwa kwa gharama kubwa kiasi kile lilihitaji barabara mpya, ngome za kulinda barabara, na misafara ya kulisha ngome, na kila kimoja kati ya hivyo kikawa shabaha mpya. Askari bora wa nchi nzima walikuwa wamevutwa kwenye kona moja ya kaskazini-mashariki, na vikosi vya kawaida kwingineko vikabaki vyembamba. Frelimo kwa upande wake haikulazimika kukaa popote. Iliacha kundi la kuendelea kuisumbua Cabo Delgado, ikaelekeza nguvu yake kuu magharibi.

Magharibi palikuwa Tete, na Tete ilikuwa imefunguliwa upya tangu Machi 1968, safari hii kupitia Zambia, iliyokuwa imepata uhuru Oktoba 1964. Mkoa huu una umbo la ajabu: umeingia kama kidole kati ya Zambia, Malawi na Rhodesia ya wakati ule, Zimbabwe ya leo, na Mto Zambezi unaupasua katikati. Hapo Ureno ilikuwa imeamua kujenga bwawa la Cahora Bassa, moja ya mabwawa makubwa kabisa barani Afrika, kwa ubia wa kampuni za mataifa kadhaa, mkataba wake ukitiwa saini 1969 na umeme wake ukilengwa kuuzwa Afrika Kusini. Lisbon ililiona bwawa kama tangazo kwa dunia kwamba haina mpango wa kuondoka. Kwa Frelimo lilikuwa ushirikiano wa wazi kati ya ukoloni wa Kireno na ubaguzi wa rangi wa Pretoria, na ilitangaza kwamba itauzuia ujenzi wake.

Haikuweza, na hili linapaswa kusemwa bila kulizungusha. Eneo la ujenzi lilizungushiwa ulinzi mzito, ukiwemo ukanda mpana wa mabomu ya ardhini, na kazi haikusimama. Lakini saruji, vyuma na mitambo havikuanguka kutoka angani. Vilisafirishwa kwa reli kutoka bandari ya Beira hadi Moatize, na kwa barabara zinazopita mamia ya kilomita za nchi tupu. Treni zilianza kulipuliwa. Kila kilomita ya reli ikahitaji doria, kila msafara ukahitaji askari, na askari hao walitolewa mahali pengine. Wakati macho ya jeshi yakiwa kwenye bwawa, vikundi vya Frelimo vilivuka Zambezi kuelekea kusini, na Julai 1972 vita vikafunguliwa rasmi katika Manica na Sofala, eneo la mashamba ya walowezi na la njia kuu inayounganisha Beira na Rhodesia. Tangu hapo vita havikuwa tena habari za pembe ya mbali.

Nikiambiwa nichague mahali palipoamua vita hivi, nitachagua kivuko cha Zambezi, ingawa hakuna picha ya mpambano mkubwa uliofanyika hapo. Majirani waliielewa hatari mapema kuliko Lisbon. Majeshi ya Rhodesia yalianza kuvuka mpaka kupigana ndani ya Tete, kwa sababu wapiganaji wa ZANLA, jeshi la msituni lililopigania uhuru wa Zimbabwe, walikuwa wakitumia njia zilizofunguliwa na Frelimo kuingia kaskazini-mashariki mwa Rhodesia, ambako mashambulizi dhidi ya mashamba ya walowezi yalianza Desemba 1972.

Mwezi huohuo ndipo lilipotokea tukio ambalo jeshi la Ureno lingetamani lisijulikane. Tarehe 16 Desemba 1972 makomandoo waliingia Wiriyamu na vijiji jirani, kusini mwa mji wa Tete, wakaua wanakijiji, wanaume, wanawake na watoto, na kuchoma nyumba. Utafiti wa baadaye umetaja watu 385 waliouawa. Mapadri waliokuwa wakihudumu eneo hilo walikusanya majina na ushuhuda, na habari hizo zilichapishwa London na gazeti la The Times tarehe 10 Julai 1973, kwa mkono wa padri Adrian Hastings, siku chache kabla ya Waziri Mkuu Marcelo Caetano kufika huko kuadhimisha miaka 600 ya urafiki wa Uingereza na Ureno. Serikali yake ilikanusha hata kuwepo kwa kijiji chenye jina hilo. Mwaka 2022 Waziri Mkuu wa Ureno António Costa, akiwa Maputo, aliomba radhi.

Wiriyamu si mpambano, na kuuweka katika orodha ya mapigano ni kuukosea heshima. Lakini hauwezi kuachwa nje ya maelezo, kwa sababu unaonyesha mbinu ya Kaúlza ilikofika: jeshi lililoshindwa kumtenganisha mpiganaji na mwanakijiji kwa uzio liliishia kutowatofautisha kabisa. Kaúlza aliondolewa kwenye amri yake katikati ya 1973. Kufikia wakati huo majeshi chini ya Ureno nchini Msumbiji yalizidi watu 50,000, na zaidi ya nusu walikuwa Waafrika walioandikishwa humohumo nchini, jambo ambalo simulizi za kila upande hulipitia haraka kwa sababu halimfurahishi yeyote.

Nyuma ya idadi hiyo kulikuwa na nchi maskini ya Ulaya yenye watu karibu milioni tisa, iliyokuwa ikipigana vita vitatu kwa mpigo, ikitumia kiasi cha asilimia 40 ya bajeti yake kwa majeshi, huku vijana wake kwa maelfu wakitorokea Ufaransa kukwepa kuandikishwa. Maofisa wa ngazi ya kapteni ndio walioubeba mzigo, wakirudishwa Afrika mara ya pili na ya tatu. Serikali ilipotoa amri mwaka 1973 iliyowarahisishia maofisa wa muda kupata vyeo sawa na waliosomea kazi hiyo, manung'uniko ya kazi yakageuka kuwa mikutano ya siri. Januari 1974 walowezi wa Beira, wakiwa na hasira kwamba vita vimewafikia, waliandamana na kulirushia mawe jengo la maofisa, wakilituhumu jeshi kwa uzembe. Kwa kapteni aliyekuwa ametoka kuwazika askari wake Tete, mawe yale yalijibu swali la anampigania nani. Wakati huohuo Frelimo ilikuwa imeanza kupata makombora ya Kisovieti ya kurushwa begani, yaliyowanyima marubani usalama waliouzoea.

Tarehe 25 Aprili 1974 makapteni hao waliipindua serikali ya Lisbon. Hapo ndipo simulizi ya jeshi lisiloshindwa inapojikwaa, kwa maana waliokataa kuendelea kupigana walikuwa jeshi lenyewe. Hata hivyo vita havikusimama siku hiyo. Jenerali António de Spínola, aliyefanywa rais, alitaka kusitisha mapigano kwanza na kujadili baadaye aina fulani ya shirikisho. Mario Soares, waziri wa mambo ya nje wa Ureno, alikwenda Lusaka mwanzoni mwa Juni akamkumbatia Samora Machel mbele ya wapiga picha, lakini Machel alikataa kuweka silaha chini kabla uhuru haujakubaliwa, na badala yake alipanua vita hadi Zambezia.

Mpambano wa mwisho wenye jina ulitokea katika mazingira hayo, karibu na Ruvuma, katika ngome ya Omar. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1974 wapiganaji waliizingira na kuwataka askari kwa kipaza sauti wajisalimishe. Hawakupigana. Zaidi ya askari 100 walichukuliwa wakavushwa hadi Tanzania kama mateka. Spínola alikuwa ametangaza siku tano tu kabla, tarehe 27 Julai, kwamba Ureno inatambua haki ya makoloni yake kujitawala, na kikosi kilichokwisha kuambiwa hivyo hakina sababu ya kufia uzio wa waya. Mbele ya wajumbe waliokuwa wakijadiliana, Omar ilikuwa hoja fupi kuliko zote.

Makubaliano ya Lusaka yaliweka siku ya uhuru kuwa 25 Juni 1975, kumbukumbu ya kuundwa kwa Frelimo, na mwezi mmoja kabla ya siku hiyo Samora Machel alivuka kutoka Tanzania akaanza safari ya kuipitia nchi mkoa kwa mkoa, kutoka Ruvuma hadi Maputo. Katika safari hiyo alipita Tete, ambako bwawa ambalo wapiganaji wake hawakuweza kulizuia lilikuwa limeanza kujaa maji tangu Desemba 1974. Sehemu kubwa ya hisa zake ilibaki mikononi mwa Ureno, na haikuhamia Msumbiji mpaka mwaka 2007.